Mbegu za Nestori

Mvulana akikwambia tumbo linamuuma, mfunue umtazame na huko chini. Naanza na hilo hata kabla ya kujuliana hali, wanangu, maana nawajua: mtasahau mengine yote nitakayosema, lakini hili lazima mwondoke nalo. Nyie manesi wa siku hizi mna ultrasaundi, mna simu zinazojua kila kitu, lakini mvulana wa miaka kumi na miwili hajabadilika hata kidogo. Atang'ang'ana na maumivu yake mpaka azimie, ilimradi asitamke neno korodani mbele ya mwanamke.

Nilimpokea mmoja kutoka Ilagala, kaletwa kwa boti, kajikunja, jasho linamtoka, na mama yake anaapa kwamba kala dagaa waliochacha. Sijui dagaa wamewakosea nini watu wa Kigoma, kila ugonjwa wanasingiziwa wao. Nikamtuma mama akatafute maji ya moto, nikavuta pazia, nikamwambia yule mtoto, "Baba, mimi nimekua na kaka watano katika nyumba ya vyumba viwili. Huna kitu cha kunishangaza." Akacheka huku analia, akaachia shuka. Korodani moja ilikuwa imejisokota na kuvimba. Tulimkimbiza thieta, ikaokolewa. Angelala nayo mpaka kesho yake, tungeikata na kuitupa.

Basi. Mimi naitwa Tausi, mzaliwa wa Ujiji, Mmanyema. Wodini waliniita Sista Tausi, na Wakatoliki waliokuja mara ya kwanza walidhani mimi ni mtawa, wakawa wananiomba niwaombee rozari. Maisha yangu ya kazi karibu yote yameishia wodi ya watoto, na sehemu kubwa ni ile miaka ya wakimbizi, Warundi wanashuka kwa miguu na kwa malori, Wakongo wanavuka ziwa, na wodi imejaa mpaka watoto wanalala mzungu wa nne kitandani na wengine chini ya kitanda. Kiswahili, Kiha, Kirundi, Kibembe, Kifaransa cha wale waliosoma, vyote chumba kimoja. Ukisema "nyamazeni" unakuwa umewaambia robo tu ya watu.

Ndipo nilipokutana na saratani ya taya. Ugonjwa ule ulipenda watoto, na zaidi wavulana. Unaanza kama jino bovu. Mtoto anang'olewa jino, la pili linalegea, shavu linavimba, linavimba tena, mpaka jicho linasukumwa juu. Wengine wamechanjwa chale, wengine wamefukizwa majani. Wakitufikia, mama amechoka kutazamwa na watu njiani, kamfunika mtoto kitenge kama mzigo. Lakini una ajabu yake: unakua upesi mno, na dawa ikiingia unayeyuka upesi vilevile. Unatundika dripu, na baada ya siku chache uso wa mtoto unarudi, unaanza kuona anafanana na nani. Nimewahi kumwona mama kakaa anamtazama mwanawe, anacheka peke yake.

Dawa yenyewe ilikuwa kali kwenye kibofu, na siri yake ni maji. Maji kabla ya dripu, maji baada ya dripu, na mtoto aamshwe akojoe hata kama anakusonya. Ukimwonea huruma ukamwacha alale na mkojo wake, utatoka mwekundu. Anayetapika usimpe kikombe kizima. Mpe kijiko, piga hadithi, mpe kijiko, piga hadithi. Na ndimu: ikate, mpe anuse. Hayo sikuyasoma popote, alinifundisha Mzee Bukuru.

Mzee Bukuru ndiye aliyekuwa mkuu wa wodi yetu, Muha wa Kidahwe, mfupi, sauti ya chini, mtu ambaye sijawahi kumwona akikimbia. Mtoto akizidiwa sisi tunakimbia tunagongana, yeye anatembea, na anafika kabla yetu. Kabla ya kumkagua mvulana yeyote alimwomba ruhusa mwenyewe, hata awe wa miaka mitano. "Ni mwili wake," anasema, "wewe ni mgeni." Mimi wakati huo nikiona anatuchelewesha tu.

Lakini lilikuwepo jambo moja ambalo hakuna aliyelisema, si Mzee Bukuru, si mimi, si madaktari. Dawa zinazoua saratani zinaweza kuziunguza na mbegu za uzazi za mvulana. Si lazima. Inategemea ni dawa gani, kiasi gani, mara ngapi. Tulilijua juujuu, na mtu akiligusa jibu letu lilikuwa tayari: mtoto anakufa, wewe unazungumzia wajukuu? Jibu zuri sana lile. Linamfunga mtu mdomo na wewe unaendelea na kazi zako.

Aliyekataa jibu hilo alikuwa Dokta Lyimo, kijana, katoka Moshi, kasoma mpaka macho yameingia ndani. Alisema familia lazima iambiwe. Na alikuwa sahihi, natangulia kusema hivyo msije mkamwona mbaya. Tatizo lake lilikuwa miguu. Alikuwa anaongea na wewe huku ameshageuka kwenda kitanda kingine.

Sasa akaletwa Nestori kutoka kambini. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hivi, shavu la kushoto limejaa kama kaficha chungwa, na bado mchokozi. Siku ya kwanza tu aliniuliza kama kweli Waislamu wote wa Ujiji wanakula samaki kwa mkono wa kulia ili miiba iwaogope. Mpaka leo sijui kaitoa wapi. Alikuja na mama yake, Spesiyoza, na babu yake mzaa baba, Mzee Ndayizeye. Baba yake alipotea njiani siku walizokimbia, na kupotea siku zile hakukuwa na maana mbili. Babu zake wadogo, baba zake wakubwa, wote hawapo. Upande ule wa ukoo, wa kiume alibaki mzee mwenyewe na mtoto huyu.

Hatukungoja. Taya lilikuwa linafunga koo, tukatundika dripu siku hiyohiyo. Uvimbe ukashuka kama tulivyozoea. Spesiyoza alikuwa anapita kitanda kwa kitanda anawaonyesha wenzake shavu la mwanawe. Babu akawa anakaa nje kwenye jua, kavua kofia, anasalimia kila apitaye.

Ilipokaribia dripu ya pili, Dokta Lyimo akaja na maneno yake. Mimi nilikuwa mkalimani, na Kiha changu, kinachosikilizana na Kirundi chao, ni cha sokoni, cha kupatana bei ya ndizi. Mama huyu hapa, babu yule pale, mtoto katikati. Dokta akasema, dawa hii inaweza kuharibu korodani za mtoto, huenda asizae, mnaelewa? Nikatafsiri. Kwa kuwa sikujua maneno ya kuzungukia, nikataja kila kitu kwa jina lake.

Jamani! Spesiyoza alivuta kitenge akajifunika kichwa chote, akageukia ukutani. Mzee Ndayizeye akaangalia dirishani, halafu akainuka taratibu, akatoka kwa mlango wa mbele. Mama akatoka kwa mlango wa nyuma. Tukabaki mimi na Dokta na Nestori, na Nestori akauliza, "Wameenda wapi?"

Mzee Bukuru alituita ofisini, akafunga mlango. Sauti ileile ya chini. "Mkamwana na baba mkwe," alisema. "Jina lake halitaji, chomboni mwake hali, njiani anampisha. Na nyie mmewaweka pamoja mkawamwagia korodani za mtoto katikati. Watajibuje? Hata kama wana maswali elfu, wataulizana nini pale?" Dokta Lyimo akasema kwao Moshi pia kuna heshima, ila muda ndio haukuwepo. "Sasa muda utakuwepo mwingi," akasema Mzee Bukuru, "maana hawatarudi."

Asubuhi kitanda cha Nestori kilikuwa kitupu. Babu kamchukua mjukuu wake, karudi naye kambini. Spesiyoza tulimkuta barazani na sufuria lake, hakwenda, hakubaki. Nikachuchumaa karibu yake nikamwambia, "Mama Nestori, mtoto hajapona. Uvimbe umeshuka tu. Ukiachwa utarudi." Akasema, "Najua, Sista. Nauona." Nikamwuliza, basi mbona hukumzuia? Akanitazama kama mtu anayemwangalia mtoto. "Neno likishakuwa la yule mzee, mimi nitalishikia wapi? Na neno lenyewe lile. Nitalitoaje mdomoni?"

Nilirudi ndani nimekasirika. Nilimkasirikia yule mzee, nikamwita majina ambayo hayafai kutamkwa. Nikasema anamwua mtoto kwa ajili ya vitukuu wa kufikirika. Mzee Bukuru akaniacha nikamaliza, akasema, "Kesho kuna gari la dawa linakwenda kambini. Vaa viatu vya vumbi."

Gari lilisimama Kidahwe, nyumbani kwake, akaingia ndani akatoka na kibuyu kikubwa cha pombe ya ndizi, akanipakatisha. Mimi! Binti wa Ujiji, mtoto wa mwalimu wa madrasa, nimekumbatia kibuyu cha pombe barabara nzima ya Kasulu, kinacheka tumboni kila tukipita shimo, na nusu ya harufu imehamia kwenye baibui. Nikamwambia, "Mzee, baba yangu akifufuka leo anazikwa tena." Akasema, "Hatuendi kwa mtu kumpinga mikono mitupu. Kishike vizuri."

Mzee Ndayizeye alikuwa nyuma ya kibanda chake cha udongo na turubai, kwenye kijishamba ambacho ungekifunika kwa mikeka michache, anachambua maharage. Hakutufukuza. Walikaa na Mzee Bukuru, ikaletwa mirija, wakanywa. Mimi nikapewa mkeka wa pembeni. Wakazungumza mvua. Wakazungumza udongo wa kule kwao na udongo wa huku. Nikawa naona jua linasogea, roho inaniruka, nataka kupiga kelele kwamba jamani mtoto, mtoto! Mzee Bukuru kila akiona nafungua mdomo ananitazama, naufunga.

Nestori akaja mbio kutoka kucheza mpira wa matambara, akanikumbatia, nikampitisha mkono shavuni kama mtu anayembembeleza tu. Chini ya sikio nikagusa kitu kigumu, kidogo, ukubwa wa harage. Kilikuwa kimeanza. Nikamwachia aende akacheze.

Ndipo Mzee Bukuru akasema, "Huyu dada ametoka mbali. Ana neno."

Lakini aliyetangulia ni mzee mwenyewe. Alisema kwa Kirundi, polepole, ili nimwelewe. Alisema mtoto huyu amembeba mgongoni mpaka mpakani. Alisema, "Mlimtia dawa ya kwanza hamkuniambia. Mkaniambia ya pili ilipofika, mbele ya mke wa mwanangu. Mmemponya mdomo, mmemwua kiunoni." Halafu akachota yale maharage, akanionyesha. Mengine alikuwa ameyatenga kwenye chungu, kayachanganya na majivu. "Mimi ni mkulima. Njaa iwe kali namna gani, kabla ya kula unatoa mbegu kwanza. Unaitia majivu, unaiweka. Nyie mna hospitali nzima. Mlishindwaje kutoa mbegu ya mtoto kwanza, halafu ndiyo mumtie dawa yenu?"

Wanangu, nimeulizwa maswali mengi na wakaguzi, na mabwana wakubwa wenye suti. Sijapata kuulizwa swali kama lile. Machozi yalinitoka, na sioni haya kusema.

Nikamwambia, "Baba, unavyosema inawezekana. Dokta wetu anasema ziko nchi wanafanya hivyohivyo. Mtu mzima au kijana aliyebalehe, kabla ya dawa, wanachukua mbegu zake wanaziweka kwenye baridi kali, hata miaka. Hapa kwetu hakuna. Na Nestori bado mtoto, zake hazijaiva, hata huko ng'ambo wasingepata cha kuweka."

Nikaendelea, maana nilijua nikisimama sitaanza tena. Nikamwambia dawa hii tuliyompa, kwa dozi chache za kumaliza ugonjwa, watoto wengi hubaki na uzazi wao. Wengine hawabaki. "Na wako atakuwa upande gani, sijui. Dokta hajui. Akikwambia anajua anakudanganya. Lakini najua hili: uvimbe unarudi. Nimeugusa sasa hivi, chini ya sikio. Tukimrudisha leo, tunamaliza kwa dawa ileile, kidogo. Ukikua ukaingia tumboni, tutamtia kali zaidi, mara nyingi zaidi, na hapo hata akipona, hizo mbegu unazozilinda sitakuwa na la kukwambia. Umemleta huku kuzitunza. Njia tuliyo nayo ya kuzitunza ni kumaliza dawa kwa wakati."

"Utaapa?"

"Siapi, baba."

Akauliza, "Angekuwa mjukuu wako?"

"Ningempandisha kwenye gari sasa hivi," nikasema, "na ningelia njia nzima."

Mrija ukamdondoka. Kisha akamwita mtoto, akampapasa chini ya sikio kwa kidole chake mwenyewe, akakipata kile nilichokipata. Uso wake ulibadilika. Akasimama, akatia kofia, akatuambia jambo ambalo sisi wote, na masomo yetu, halikuwa limetujia. "Mwambieni na yeye. Ni zake."

Nikatazamana na Mzee Bukuru. Nani amwambie? Mzee Ndayizeye akasema atamwambia mwenyewe, kwa sababu babu na mjukuu hawana haya. Alimwambia ndani ya gari, tumebanana pale mbele, mimi ubavuni mwao najifanya natazama migomba. "Nestori, hawa wanakutia dawa ya kukuponya. Dawa hiyo huenda ikakuzuia kuja kupata watoto. Huenda isikuzuie. Sisi hatujui. Ukikua utakwenda kuuliza."

Nestori akafikiri. "Mpira nitacheza?"

"Ego, ndiyo. Utacheza."

"Na taya halitavimba?"

"Sista anasema halitavimba."

"Basi," akasema Nestori, akauliza kama kibuyuni kimebaki kitu.

Tulipofika, Spesiyoza alikuwa barazani palepale. Hakumtazama baba mkwe wake, wala yeye hakumtazama. Mzee alimshusha mtoto, akamsukuma kidogo upande wa mama yake, akaenda kukaa juani. Spesiyoza akamshika mwanawe kwa mikono miwili, akarudia "mpore, mpore", pole ya kwao, kana kwamba mtoto ndiye analia.

Dozi zilimalizika. Mzee Ndayizeye akajiteua kuwa bwana maji. Alikaa na kikombe cha bati, anamnywesha mjukuu wake, na kila Nestori akikojoa anatuita tuje tuone ulivyo mweupe, anajivuna kama kauchuja yeye. Akawa anawafundisha na akina baba wengine. Mtoto akanyonyoka nywele, zikaota. Na kutoka siku zile Mzee Bukuru aliweka utaratibu wodini. Habari ya uzazi wa mvulana isemwe kabla ya dripu ya kwanza. Mwanamume aongee na wanaume kwenye benchi la nyuma ya wodi, mwanamke na mama peke yake, na mtoto aambiwe kwa umri wake. Dokta Lyimo ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa kwenye lile benchi. Alikaa kweli, miguu imetulia, mpaka tukamtania kwamba ameota mizizi.

Nanyi mkumbuke hivyo. Siku hizi mambo yamesogea, nasikia katika miji mikubwa kijana aliyebalehe anaweza kuhifadhiwa mbegu zake kabla ya matibabu. Basi uliza, piga simu, tafuta njia. Usiseme moyoni "hawa maskini, watafika wapi." Huo si uamuzi wako. Na pale ambapo hakuna njia, sema hakuna. Sema hujui. Watu wanalibeba neno "sijui" vizuri kuliko unavyofikiri, ilimradi ulitamke umekaa chini.

Warundi wakarudi kwao, kambi zikapungua, Mzee Bukuru akafariki, mimi nikastaafu nikahamia Bangwe. Siku moja nimekaa uani napepeta mchele, kijana mrefu akabisha hodi.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Nestori. Wa Mzee Ndayizeye."

Ungo ulinitoka mikononi, kuku wakafaidi. Nilimshika mashavu yote mawili, jitu zima lile, nikamgeuza huku na huku. Taya safi, meno mawili hayapo, basi. Tulipotulia akanipa habari. Babu amefariki, kafia nyumbani kwake, kwenye udongo wake. Mama mzima. Yeye ni fundi wa pikipiki. Kisha akaangalia chini.

"Kuna binti," akasema. "Tunataka kupeleka pombe ya posa kwao. Babu kabla hajafa aliniambia nisimpeleke mtoto wa watu gizani. Aliniambia nipime kwanza. Nikipima kule kwetu kijiji kizima kitajua kabla yangu. Nikasema niende kwa Sista."

Nikamwuliza ikiwa hazipo, itakuwaje.

"Nitamwambia, achague. Nampenda sana, Mama. Akiondoka sijui nitafanyaje. Lakini siwezi kumwoa nikae kimya, halafu miaka ipite, ndugu zangu waanze kumwita tasa."

Nimewaona wanawake waliorudishwa kwao kwa jina hilo, na kosa halikuwa lao, na hakuna aliyewahi kumpima mume. Nikaingia ndani nikavaa baibui safi.

Kijana wa maabara ya hospitali nilimjua tangu anafanya mafunzo. Nilimweleza kwa sauti ya chini, akampa Nestori kichupa, akamwonyesha chumba. Mimi nikasimama koridoni kama askari. Mfagiaji akaja na ndoo yake, nikamfukuza. Akaja mwingine kutafuta fagio, nikamfukuza na huyo. Kisha tukakaa benchi, mimi na Nestori, tunangoja. Niliongea kuhusu samaki wetu wa ziwani, migebuka, bei yake, uchache wake, namna ya kuikausha, mpaka nikajichukia. Yeye alikuwa kashika magoti yake. Nikajiuliza nilimwambia babu yake nini hasa siku ile, na kwa haki gani.

Mlango ukafunguka. Kijana wa maabara hakumwita Nestori. Aliniita mimi. "Mama, njoo uone."

Niliinama kwenye darubini. Mwanzo niliona kope zangu tu, maana macho yangu ya uzee na machozi hayapatani. Akanizungushia kile kiskurubu. Pakawa peupe. Hakuna kitu. Peupe tu. Nikasema moyoni, Ya Rabi. Halafu pembeni, kitu kidogo kikakatiza, mkia unapiga, kina haraka zake. Kikapotea. Kikaja kingine.

"Ni chache, Mama," kijana akasema. "Chini ya kawaida. Huenda wakahitaji muda, huenda wakahitaji msaada. Lakini zipo, na zinaogelea."

Nikamwita Nestori ndani nikamwambia maneno hayohayo, sikuongeza, sikupunguza. Chache. Chini ya kawaida. Zipo. Alinitazama mdomoni mpaka nikamaliza, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuziona. Tukampisha. Akainama, jitu zima lile, akashika meza kwa mikono miwili. Nikaona mabega yanamtikisika. Akasema kitu kwa Kirundi, taratibu, nikashika neno moja tu, *sogokuru*, babu. Akaendelea kuinama.

Watu walikuwa wanagonga mlango nje. Kijana wa maabara akaangalia saa, akaninong'oneza, "Mama, mwambie basi, kuna wengine wanasubiri."

"Mwache," nikamwambia. "Anasalimiana na watu wake."